Laini Nane

Karani akimwambia fundi kwamba mashine inaogopa akina mama, fundi atacheka. Mimi nilicheka, tena kwa sauti, mpaka mlinzi wa getini akageuka kutazama.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mbele ya ofisi yetu hapa Rumonge. Esha, karani wetu, alikuwa ameshika kikombe cha chai ya rangi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Fundi Mushaga," aliniambia, "ile mashini iko na mambo. Asubui inakubali. Bamama bakishakuja, inakataa."

"Inawaogopa?"

"Sijui kama inabaogopa. Mimi nakuambia vile naona."

Nikamwambia arudi kwenye karatasi zake, waya aniachie mimi. Jina langu ni Mushagalusa, mzaliwa wa Bukavu. Vita vya kwetu vilinifukuza, nikavuka ziwa na kuangukia vita vya jirani, na kitu pekee nilichovuka nacho ni ufundi wangu. Sikuwa tayari kufundishwa na binti aliyejifunza kompyuta kwa wiki tatu.

Shirika letu lilitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao katika mapigano. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, jenereta moja, na sahani kubwa ya satelaiti juu ya paa. Esha aliandika majina kwenye kurasa zilizopitia ile sahani mpaka Bujumbura, na huko Bujumbura ndiko ilikokaa programu kubwa, yenye majina ya watoto wote, wa kwetu, wa Nyanza-Lac, na wale waliovukia Kigoma. Siku njema jina lilikwenda na jibu likarudi kabla hujameza mate. Siku mbaya yalitokea maandishi mekundu ya Kifaransa, kwamba uunganisho umeshindikana, jaribu tena baadaye.

Siku mbaya zilikuwa zimeanza wiki mbili kabla. Na si siku nzima. Saa hii inakataa, saa ijayo inakubali, kisha inakataa tena. Ingekufa moja kwa moja ningejua la kufanya. Ugonjwa wa kwenda na kurudi ndio unaomtia fundi wazimu, kama homa inayopona ukifika mlangoni kwa daktari.

Jumatatu hiyo hiyo, saa nne, akaja Kadidja.

Kadidja aliuza mawese sokoni. Kila mtu alimwita mama Kaoutar, kwa jina la binti yake, ingawa binti huyo hakuwapo. Miaka miwili nyuma, risasi ziliposhuka kutoka milimani, watu walikimbilia ufukweni. Mwenye mtumbwi wa mwisho akasema imebaki nafasi moja, ya mtu mdogo. Kadidja akamweka Kaoutar, mwenye miaka saba, akampa fundo la nguo, akabaki majini mpaka kiunoni akiusukuma mtumbwi. Tangu siku ile hakusikia neno.

Alikuwa akija ofisini kila asubuhi. Hakulia, hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi na akina mama wengine, na zamu yake ikifika aliuliza, "Mutoto wangu iko mu mashini?" Esha alijibu, "Bado, mama Kaoutar." Naye alishukuru, "Murakoze," na kwenda zake sokoni.

Siku hiyo ilikuwa imefika orodha mpya kutoka Kigoma, nayo yenye picha kama zilizotangulia. Esha alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Kwenye ukurasa wa sita Kadidja aliinuka, akaweka kiganja chake chote juu ya kioo.

"Ni yeye," akasema. "Ona masikio. Ni ya babake."

Kiganja kiliacha alama ya mafuta juu ya kioo. Esha alilia. Mimi nilikuwa nyuma nikikunja waya, na sitaficha, nami machozi yalinitoka.

Masharti yalikuwa mafupi. Boti ingetoka Kigoma Jumapili na watoto waliothibitishwa na wazazi, ifike Rumonge Jumatatu. Orodha ingefungwa Bujumbura Ijumaa saa kumi alasiri. Mtoto ambaye hakuthibitishwa angehamishwa pamoja na wenziwe kupelekwa kambi za bara, mbali na ziwa, kwa sababu kambi yao ilikuwa inavunjwa. Uthibitisho ulikuwa fomu moja, yenye picha ya mzazi na alama ya kidole chake. Kuisoma kwa redio ya mawasiliano, tuliyoiita fonie, ilikatazwa: mwaka uliotangulia mtoto alikabidhiwa kwa mwanamke asiye mama yake, kwa sababu ya jina lililotajwa redioni. Na karatasi isingeweza kwenda kwa gari. Tangu Jumapili barabara ilikuwa imekatika kusini ya Kabezi, kati yetu na Bujumbura. Hata wanajeshi hawakupita.

Kwa hiyo palikuwa na njia moja tu, ile ya sahani juu ya paa, na mwenye njia ni mimi.

Esha alimpiga Kadidja picha, akachukua kidole chake, akajaza fomu na kubonyeza. Maandishi mekundu. Akabonyeza tena. Mekundu.

"Kesho, mama Kaoutar," nikasema. "Kesho nitakuwa nimetengeneza."

"Siku ni ngapi mpaka Ijumaa?"

"Ni nyingi."

Jumanne nilipanda juu ya paa saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nikalegeza kila skrubu ya ile sahani na kuikaza upya. Nikabadilisha waya mzima kuanzia juu mpaka chini. Niliposhuka nilijaribu mwenyewe kutuma ujumbe mtupu Bujumbura. Ulikwenda. Nikatuma wa pili, ukaenda. Jumbe kumi na tano, zote zilikwenda. Nilijisikia bwana harusi. Saa nne nikamwita Esha, nikamkabidhi kiti.

Kufika saa nne na nusu, mekundu.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Sijafanya kitu. Bamama bamekuja tu."

"Tena na bamama zako!"

Nilimfokea mbele ya benchi zima. Nikasema mimi nikikaa pale inakubali, yeye akikaa inakataa, basi kosa liko kwenye vidole. Akina mama walitazama chini. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wangu ulikwisha kuanza kuvimba, ila mimi niliuona kuwa ni mguu wa mtu mwingine.

Jumatano nikaishughulikia jenereta. Nilidhani umeme wake unapanda na kushuka. Asubuhi nzima ilikuwa yangu, na asubuhi nzima majaribio yangu yalipita. Hapo kuna jambo ambalo hata leo nikilikumbuka natamani kujipiga kofi. Fomu ya Kaoutar ilikuwa tayari ndani ya kompyuta ile. Ningeweza kumwita Esha kwa dakika moja tu aitume, kabla ya benchi kujaa. Lakini mimi nilikuwa natuma jumbe tupu, neno "jaribio", "jaribio", "jaribio". Fomu ni kazi ya karani, nilisema, na asubuhi ni zamu ya fundi.

Mchana tulizima jenereta kama kawaida, kubana mafuta. Saa nane tulipoiwasha, fomu ya kwanza ilipita. Moja tu. Ilikuwa zamu ya Kadidja, lakini alikuwepo bibi mmoja aliyetoka Gatete kwa miguu, anatafuta mjukuu wake, na Kadidja alimshika mkono akamkalisha mbele.

"Mimi niko wa hapa hapa," alisema. "Bibi akichelewa atalala wapi?"

Fomu ya bibi ikaenda, na jibu likarudi: imepokelewa. Bibi akapiga vigelegele. Akina mama wengine wakasogea kutaka nao waoneshwe watoto wao, Esha akawaonesha, na zamu ya Kadidja ilipofika yakatokea yale mekundu.

Alhamisi fomu ikakataa tena, nikasema ni mvua. Mvua haikunyesha tangu Jumanne, lakini nikasema ni mawingu ya upande wa Kongo. Siku hiyo Kadidja hakuuliza kitu. Alikaa mbele ya kioo akiitazama picha ya mwanawe, mkono shavuni. Nilipita nyuma yake mara nne, nikiwa na bisibisi mkononi ili nionekane mtu wa kazi.

"Fundi," akaniita mara ya nne.

"Naam, mama."

"Iko na kilemba. Nani amemufunga kilemba?"

Nilitazama. Kweli mtoto kwenye picha alikuwa na kitambaa kichwani, kimefungwa vizuri.

"Labda mama mwengine wa kambini," nikasema.

"Mungu amubariki," akasema, na akaendelea kutazama.

Ijumaa akina mama Waislamu walikwenda msikitini, wakarudi saa nane na nusu wakiwakuta wenzao mbele ya kioo, na fomu ikakataa tena. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha. Nilikuwa nimefungua na kufunga kila kitu kinachofungika katika nyumba ile. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu: nikamwita Hubert kwa fonie. Hubert ndiye aliyeitunza ile programu kubwa Bujumbura. Sikumwita mapema kwa sababu hatukupendana. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba mafundi wa Kongo wanatengeneza kwa nyundo.

Nilimpata saa tisa na robo.

"Hubert, angalia huko kwako. Fomu yangu inakataliwa. Unaona nini?"

Redio ilikoroma kidogo.

"Ninaona laini nane za kuingilia, zote zimejaa," akasema. "Nane ndiyo mwisho wetu. Ofisi zote za mikoani zinagawana hizo nane. Na zote nane zimeshikwa na Rumonge."

"Rumonge? Hapa tuko na kompyuta moja."

"Kompyuta moja, kurasa nane. Kila ukurasa wenye kufunguliwa unashika laini mpaka uufunge. Nikusomee?"

Akanisomea. Alisoma majina ya watoto, moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani. La sita lilikuwa Kaoutar.

Niligeuka. Esha alikuwa kwenye kiti chake, na mama mmoja ameinama mbele ya kioo. Chini ya kioo kulikuwa na vipande vidogo vimepangwa mstari mmoja, kila kipande ukurasa wa mtoto. Nilikuwa nimeviona kwa wiki mbili. Kila mtu anaviona vitu vile.

"Esha," nikasema, "hizi kurasa kwa nini ziko wazi?"

"Bamama banapenda kuona batoto babo," akajibu. "Nikifunga, kufungua tena inakawia, na bamama bengi banatoka mbali. Sasa mwenye kuja nabonyeza tu, anamuona. Tangu picha zianze kuja nafanya vile." Akanitazama vizuri. "Nimeharibu?"

Wiki mbili. Picha zilianza kuja wiki mbili zilizopita. Asubuhi inakubali, bamama bakishakuja inakataa. Aliniambia neno kwa neno, kikombe mkononi, na mimi nikacheka mpaka mlinzi akageuka.

"Hubert! Nikizifunga itakubali?"

"Itakubali. Zifunge tu. Mimi natoka, basi la mwisho la Kabezi linaondoka, wakifunga kizuizi nitalala njiani."

"Hubert, ngoja kwanza—"

Redio ilinyamaza.

Niliketi kwenye kiti cha Esha nikaanza kufunga. Benchi zima lilikuwa linatazama. Nilipofunga wa kwanza, mwanamke mmoja aliguta, "We, unamupeleka wapi?" Nikafunga wa pili na wa tatu. Kadidja alikuwa amesimama karibu yangu, mkono wake juu ya mgongo wa kiti. Ukurasa wa Kaoutar niliufunga bila kumtazama mama yake. Saa ya ukutani ilionesha saa tisa na dakika thelathini na nne.

Esha akaleta fomu, akabonyeza.

Mekundu.

Akabonyeza tena. Mekundu. Nikamsukuma, nikabonyeza mimi. Mekundu. Nikaita fonie, nikaita na kuita, mpaka mlinzi wa Bujumbura akajibu kwamba mkubwa wake, chefu Hubert, amekwisha kutoka mbio na ufunguo wa chumba cha mashine anao yeye.

Jambo hili Hubert mwenyewe hakulijua, wala mimi. Tulikuja kuligundua baadaye: ukifunga ukurasa huku, programu ya kule haiiachii laini mara moja. Inaishikilia nusu saa nzima, isije mwenye nayo akarudi akaikosa. Ndiyo maana baada ya mapumziko ya mchana fomu ya kwanza ilipita. Aliyeitengeneza alidhani anatenda wema.

Kwa hiyo tulikaa. Sijawahi kukaa vile, wala sitamani tena. Saa tisa na dakika arobaini na tano, mekundu. Hamsini, mekundu. Huko juu, upande wa michikichi, risasi mbili tatu zililia, na hakuna aliyegeuka. Kadidja alikuwa akisoma kitu kwa midomo, hakitoki sauti. Saa kumi kasoro dakika mbili Esha alibonyeza mara tano mfululizo, kana kwamba mashine ni mlango na ndani kuna mtu aliyelala. Saa kumi ikapita.

Saa kumi na dakika tano ukurasa ukafunguka, mweupe, mwepesi, kama haujawahi kuugua. Picha ya Kadidja ikapanda, kidole kikapanda. Imepokelewa.

"Nini imesema?" Kadidja akauliza.

Esha alinitazama. Mimi ndiye mkubwa wake.

"Imekwenda, mama Kaoutar," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilinukia mawese. Alinishukuru kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Mungu wake, na mimi nikapokea shukrani zile, mimi Mushagalusa, fundi. Nilijiambia kwamba labda orodha imechelewa kufungwa. Huko Bujumbura mambo mangapi yanachelewa! Kwa nini hili moja liende kwa saa? Jumamosi niliita fonie kutwa, ofisi ikawa imefungwa. Nyumbani kwa Kadidja sikwenda. Ningeweza, ni mwendo wa dakika kumi. Niliogopa.

Jumatatu alifika bandarini kabla ya jua kuchomoza. Alivaa kitenge kipya, na mkononi alikuwa na bakuli la dagaa wa ziwani, ndagala za kukaanga, limefunikwa sahani. Boti ilifika saa tano, ikashusha watoto thelathini na mmoja. Afisa alisoma jina, mtoto akapita, mzazi akapokea. Mjukuu wa bibi wa Gatete alikuwa wa tisa. Bibi alimbeba mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa, miguu ikiburuta.

Afisa alipokunja karatasi yake, Kadidja alimwendea.

"Imebaki mumoja," akamwambia. "Kaoutar."

Afisa akafungua karatasi tena, kwa heshima, akasoma upya toka juu mpaka chini. Kisha akamrudishia jibu ambalo mimi nilikuwa nalo tangu Ijumaa.

Jumanne alikuja ofisini. Ukurasa wa Kaoutar ulikuwa umebadilika: umeandikwa kwamba amehamishwa bara pamoja na wengine, na mahali pa jina la kambi pako wazi. Kigoma walikuwa hawajui, au walijua na hawakuandika. Kadidja hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele yangu.

"Fundi, ulisema imekwenda. Ilikwenda wapi?"

Nikamweleza. Alistahili, na uongo nilikuwa nimeumaliza. Nilimwambia ile mashine ya Bujumbura ni kama mtumbwi, ina nafasi nane. Zikijaa, wa tisa anabaki. Alielewa mara moja. Mitumbwi anaijua.

"Na hizo nafasi nani alikuwa ndani?"

"Batoto. Picha zao."

"Na wangu?"

"Naye."

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Nilikuwa namuangalia. Nilikuwa mu njia yake."

Nilipaswa kusema hapana kabla hajafunga mdomo. Nilipaswa kusema kosa ni la waliotenga nafasi nane kwa nchi nzima ya watoto waliopotea, na ni langu, niliyeambiwa Jumatatu nikacheka Jumatatu. Yote hayo niliyasema. Esha naye alisema, analia, kwamba kosa ni lake. Lakini tulisema tukiwa tumechelewa, kama kila kitu katika ofisi ile. Kadidja alikuwa amekwisha kujifunga mtandio.

"Murakoze," akasema.

Tangu hapo hajarudi. Laini ziliongezwa mwezi uliofuata, sasa ni arobaini, na Esha alikwenda mpaka sokoni kumwambia kwamba siku hizi mtu anaweza kutazama apendavyo, haimzuii mtoto yeyote. Kadidja alimpimia chupa ya mawese, akakataa kumtazama usoni. "Acha," akamjibu. "Bengine bapite."

Kila asubuhi tunafungua ukurasa ule mara moja kuona kama kambi imeandikwa. Haijaandikwa. Kupitia dirishani namwona Kadidja akienda sokoni na dumu lake kichwani. Zamani alipita upande wetu, akigusa ukuta wa ofisi. Sasa anavuka barabara, anapita kwenye matope ya upande wa pili, na akifika mkabala na mlango wetu anageuza uso, asije akamzibia mwanawe njia.